CHUNUSI MOJA TU, USO MZIMA UNAUMUKA KAMA ANDAZI!

Natumaini kioo hakijakununia. Kama kimekununia, basi vuta stuli ukae, leo ni zamu yako.

Leo tunazungumzia chunusi. Najua wapo watakaosema, "Aah, chunusi tena?" Subirini kwanza, mabibi na mabwana. Leo siongelei chunusi yenyewe, naongelea kile kinachoweza kuja nyuma yake, yaani uso kuvimba. Mtu analala na kipele kimoja kidogo pembeni mwa pua, asubuhi anaamka jicho halifunguki, shavu limeumuka kama andazi lililozidi hamira. Akitoka nje watu wanamuuliza, "Vipi mwenzetu, nani kakupiga?" Wala hakuna aliyempiga. Kajipiga mwenyewe kwa vidole, au kapigwa na tyubu aliyoinunua kwa hela yake.

Tatizo letu ni moja. Tunadhani uvimbe wote wa uso ni wa aina moja. Shoga yako akivimba akapaka kitu fulani kikamtuliza, na wewe ukivimba unakimbilia hichohicho. Kumbe mwenzio alivimba kwa sababu nyingine kabisa! Kwa mwenye chunusi, uso unaweza kuvimba kwa njia kama nne hivi, na kila moja ina dawa yake. Nyingine hata haitaki dawa, inataka teksi ya kukupeleka hospitali sasa hivi. Ndiyo maana nasema hili si suala la urembo peke yake.

CHUNUSI INATOKA WAPI?

Tuanze na mzizi wenyewe, kwa kifupi. Kwenye ngozi ya uso kuna vitundu vidogo vidogo kibao. Ndani ya kila kitundu kuna kinyweleo na kiwanda kidogo cha mafuta. Mtu akibalehe, homoni zinapanda na kile kiwanda kinaongeza uzalishaji. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu kinaziba. Bakteria wanaoishi humo wanapata chakula na wanaongezeka. Mwili nao haukubali, unaleta askari wake, na pale penye mapambano ndipo panapovimba, panapouma na kupata joto.

Kwa hiyo uvimbe mdogo unaoizunguka chunusi ni kitu cha kawaida. Ukubwa wa punje ya harage, unauma ukiugusa, baada ya siku kadhaa unanywea wenyewe. Huo usikunyime usingizi.

Na hapa niwaonye mabinti. Kuna akina kaka wana maneno matamu, wanasema chunusi ni dalili ya kukosa mapenzi na kwamba ukimpa mtu penzi zinakauka zenyewe. Uongo mtupu! Hakuna kitanda kilichowahi kutibu chunusi. Kina mama wenye watoto watatu bado zinawatoka, hasa zile siku chache kabla ya hedhi. Anayekupa dawa hiyo anajitibu yeye, hakutibu wewe.

UVIMBE WA KWANZA: VIDOLE VYAKO

Huu ndio unaoongoza. Mtu kaona kichwa cheupe, mkono unawasha, kioo kiko mbele. Anaminya. Mwingine hatosheki na kucha, anachukua pini ya nywele, kwamba eti anatafuta kiini.

Unapoiminya chunusi, si usaha wote unaotoka nje. Mwingine unapasukia ndani, unasambaa kwenye nyama ya shavu pamoja na bakteria wake. Halafu kucha nazo zinaleta wageni wapya kutoka kwenye noti, kwenye daladala na kwenye kitasa cha choo. Kesho yake huna chunusi tena, una jipu. Au una maambukizi yaliyotambaa chini ya ngozi, na shavu zima linakuwa gumu, la moto, linang'aa.

Kuna binti mmoja mtaani kwetu, jina lake naliweka kabatini. Alikuwa na sherehe yake ya kuagwa Jumamosi, gauni limeshashonwa, kadi zimeshagawiwa. Jumatano kaota chunusi juu ya mdomo, chini kidogo ya pua. Alhamisi usiku kaitumbua kwa pini. Ijumaa asubuhi mdomo wa juu umefika puani. Shangazi mtu akasema ni kijicho cha watu, tafuta mtaalamu. Wifi akasema weka barafu. Usiku homa ikapanda, anatetemeka ndani ya blanketi, kope zimeanza kuvimba. Aliyemwokoa ni kaka yake. Alikodi gari, hakumsikiliza mtu. Binti akalazwa siku tano, dawa inaingia kwa dripu. Sherehe ikasogezwa mwezi mzima, watu wamenuna, lakini bibi harusi yuko hai na jicho lake lipo.

Unaona nachotia chumvi? Hapana. Weka kidole kati ya macho yako, pale pua inapoanzia. Sasa chora mstari kushuka hadi kona moja ya mdomo, pita chini ya mdomo wa juu hadi kona ya pili, urudi juu. Umepata pembetatu. Madaktari wengi wanaiita pembetatu ya hatari. Mishipa ya damu ya eneo hilo inaungana na mishipa inayopita nyuma ya macho, chini ya ubongo. Maambukizi ya hapo yanaweza, kwa nadra sana, kusafiri mpaka huko na kugandisha damu. Ni nadra, narudia, usije ukalala macho kwa ajili ya kipele kimoja. Ila likitokea, linaweza kupofua na linaweza kuua, hata kama siku hizi antibiotiki zipo.

Dalili za kukimbia nazo hospitali ni hizi: homa, kichwa kuuma sana, kope kuvimba, jicho kutokeza nje au kuuma ukiligeuza, kuona vitu viwili viwili, na uvimbe unaoongezeka kila saa. Hapo hakuna cha barafu wala cha ndimu.

UVIMBE WA PILI: DAWA IMEKUKATAA

Huyu hakuminya chochote. Kaenda duka la dawa kama mtu mwenye akili zake, kanunua dawa halali ya chunusi. Usiku kapaka. Asubuhi macho yamekuwa kama ya chura.

Dawa mbili zinazojulikana sana duniani kwa kazi hii ni benzoili peroksaidi na asidi ya salisiliki. Ni dawa nzuri, zimesaidia watu wengi. Lakini mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu bidhaa za chunusi zenye dawa hizo. Walikuwa wamepokea taarifa 131 za watu waliopata mzio mkali, taarifa zilizokusanywa tangu 1969 hadi mwanzoni mwa 2013. Kwa miaka yote hiyo 131 ni wachache, lakini walichokipata si mchezo: macho, uso, midomo au ulimi kuvimba, koo kubana, pumzi kukata, kuzirai. Kwa wengine ilianza baada ya dakika chache tu, kwa wengine siku nzima au zaidi.

Tofautisha mambo mawili hapa. Ngozi kukauka, kubanduka kidogo na kuchonyota wiki za mwanzo ni kawaida kwa dawa hizi. Ndiyo maana tunaambiwa tuanze na ile nyepesi, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, tupake kidogo, usiku mmoja tuache mmoja. (Halafu tafadhali, usilalie foronya nzuri wala usijifunge khanga mpya, dawa hii inapausha nguo!) Lakini uso kuwasha na kuvimba, hasa kope, hiyo si "dawa inafanya kazi". Hiyo ni dawa imekukataa. Nawa kwa maji mengi, acha kuipaka, nenda kamuone daktari. Na kama ni midomo, ulimi au koo, au pumzi inabana, usinawe ukakaa kusikilizia. Nenda hospitali dakika hiyohiyo, huko ndiko iliko sindano ya kuokoa maisha.

Ushauri wa hao hao FDA ni rahisi na haugharimu senti. Ukinunua dawa mpya ya chunusi ya aina hii, paka kidogo sana sehemu moja au mbili ndogo tu kwa siku 3. Kama hakuna kilichotokea, ndipo uendelee na uso mzima. Siku tatu tu, jamani! Mbona fundi gauni tunamsubiri wiki mbili?

Vidonge navyo vimo. Kuna wanaokula Septrin kwa ajili ya chunusi, zilizobaki kwenye kabati la jirani. Ndani ya Septrin kuna salfa. Wazee wetu aleji ya salfa wanaijua vizuri, maana Fansidar nayo ilikuwa na salfa, na kati ya 2001 na 2006 dawa za jamii hiyo ndizo zilizokuwa mstari wa mbele kutibu malaria hapa Tanzania. Mtu ambaye salfa imemkataa anaweza kuvimba uso, midomo ikatoka malengelenge, na akibahatika vibaya ngozi inabanduka kama ya aliyeungua moto. Wengine nao wanafungua vidonge vya rangi mbili, unga wake wanaupaka usoni. Ndugu yangu, kidonge kimetengenezwa kimezwe, na kimezwe na aliyeandikiwa.

UVIMBE WA TATU: MKOROGO NA TYUBU ZA MIUJIZA

Hapa ndipo wengi tunapopotelea. Ngozi yetu nyeusi ina tabia yake. Chunusi ikiondoka inaacha doa jeusi, na ukiiminya doa linakuwa zito zaidi. Sasa mtu chunusi zimekwisha, madoa yamebaki, anaona aibu. Anakwenda saluni, anapewa kikopo kisicho na jina. "Hii dada, siku tatu tu!"

Na kweli, siku tatu uso unakuwa laini, chunusi zimelala, madoa yanafifia. Anatangazia mtaa mzima kwamba imekubali. Kilichomo mara nyingi ni steroidi kali, za jamii ya betamethasone au clobetasol. Dawa hizi hospitalini zina kazi yake maalumu na muda wake maalumu. Zinawatuliza wale askari wa mwili niliowataja, kwa hiyo wekundu na uvimbe vinazima haraka. Bakteria wenyewe hawajaenda popote, na vile vitundu bado vimeziba.

Baada ya wiki au miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, vimishipa vinaonekana, na vipele vinatoka upya vikiwa vingi kuliko vya mwanzo. Dada akiamua kuacha, uso unawaka moto, unavimba, unawasha, anashindwa kukaa jikoni kwa joto. Anafanya nini? Anarudia tyubu ili apoe. Hapo ndipo anapofungwa kamba. Si kwamba bila ile tyubu yeye ni mgonjwa. Ni ile tyubu iliyomtia ugonjwa, halafu inamuuzia nafuu.

Kutoka kwenye mtego huu kunawezekana, lakini kunataka daktari wa ngozi. Yeye ndiye atakayekuambia uache kwa mpango gani na upake nini wakati ngozi inajirudi. Inaweza kuchukua miezi. Usijifiche ndani, na usione haya kumwambia ulichokuwa unapaka. Chukua na kikopo chenyewe uende nacho.

Kuna na wale wanaomeza vidonge vya steroidi ili mashavu yajae. Waswahili tunamsifu mwanamke kwa uso wa mviringo kama mwezi wa kumi na nne. Madaktari nao wana "uso wa mwezi" wao, ila kwao si sifa. Ni uso unaojaa mafuta kwa sababu ya steroidi kuzidi mwilini, na unakuja na shinikizo la damu, sukari na mifupa kulegea. Na kama unazitumia kwa muda mrefu, usizikate ghafla bila daktari, mwili unaweza kuzimika.

Vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku hapa nchini miaka mingi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS. Lakini marufuku haisomi kikopo kilichokorogwa nyuma ya saluni. Cha kusoma lebo ni macho yako. Hakina lebo? Hakina nafasi usoni kwako.

UVIMBE WA NNE: UNAOKATAA KUONDOKA

Huu wa mwisho ni adimu, lakini nautaja kwa sababu wenye nao huteseka sana kwa kuambiwa wamerogwa. Chunusi zimekaa miaka, zinakuja zinaondoka. Taratibu paji la uso, kope, pua na mashavu yanaanza kujaa. Haviumi, haviwashi, na ukibonyeza kwa kidole haliachi shimo, ni pagumu. Asubuhi unaweza kuwa mbaya zaidi. Miezi inapita, sura inabadilika, picha ya kitambulisho na mwenyewe haviendani.

Mwaka 1957 daktari wa ngozi Mfaransa, Robert Degos, alieleza hali ya namna hii kwa mkulima mmoja wa jimbo la Morbihan, na mpaka leo inaitwa ugonjwa wa Morbihan. Inadhaniwa kwamba uvimbe wa mara kwa mara unaharibu ile mifereji midogo inayofyonza maji kutoka kwenye ngozi. Mifereji ikizidiwa, maji yanatuama, nyama inakuwa ngumu. Ni kama mtaro wa mtaani kwetu ulioziba mchanga, mvua hata kidogo barabara inajaa.

Antibiotiki peke yake mara nyingi hazifui dafu hapa. Dawa inayotumika zaidi ni isotretinoini, vidonge ambavyo Marekani iliviruhusu kwa chunusi kali mwaka 1982, na vinamezwa kwa miezi mingi. Lakini sikilizeni kwa makini, kina dada. Isotretinoini inaharibu mtoto tumboni vibaya sana. Haimezwi na mjamzito, na anayeimeza lazima asishike mimba wakati wote wa dawa na mwezi mmoja baada ya kumaliza. Si dawa ya kugawana na shosti, si dawa ya kuagiza kwa mtu anayekwenda Dubai. Ni ya daktari wa ngozi tu.

SASA TUFANYE NINI?

Nawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, si mara kumi na si kwa dodoki. Chunusi ikiuma, chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, kiweke juu yake dakika kumi hivi, mara tatu nne kwa siku. Itaiva na kunywea yenyewe. Ndimu, dawa ya meno na majivu viache vifanye kazi zake vilikozaliwa. Ndimu ukiipaka ukatoka juani inaweza kukuunguza uso, ukapata doa jeusi kuliko lile ulilokuwa unalikimbia.

Dawa ya kweli ya chunusi ipe muda, wiki 6 hadi 8 ndipo uanze kuona matokeo. Yeyote anayekuahidi siku tatu, muulize ameweka nini ndani.

Wataalamu wa ngozi wapo. Kule Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992, na kimefundisha wataalamu wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi za Afrika. Kwa hiyo ukienda hospitali ya mkoa, ulizia kliniki ya ngozi ni siku gani. Usiseme, "Aah, nitaendaje hospitali kwa ajili ya chunusi, watanicheka." Hujaenda kwa ajili ya chunusi, umeenda kwa ajili ya uso, na uso huo ndio unaobeba macho yako.

Kipimo changu kwa wiki hii ni chepesi, kibandike hata kwenye kioo. Uvimbe usiozidi chunusi yenyewe, ngojea. Uvimbe uliovuka chunusi ukafika kwenye kope, mdomo au shavu zima, nenda hospitali. Ukija na homa, na pumzi kubana au na jicho kuuma, usisubiri kupambazuke.

Na nyinyi akina kaka mnaosoma gazeti la dada zenu kwa kuibia, haya yanawahusu. Chunusi za kidevuni mnazozikwangua kwa wembe wa kinyozi asiyebadilisha wembe, mnadhani ni za chuma?

Haya, nafasi imekwisha, mhariri ananiangalia kwa jicho baya. Wiki ijayo, panapo majaaliwa, tutazungumzia nywele za mbele zinazokatika kwa ajili ya misuko ya kubana. Mpaka hapo, mikono chini, pini kwenye nywele. Kwaherini!